Chuma, Saruji na Picha Ukutani: Majibu kwa Wasomaji wa Safu ya Makazi

Tangu tulipochapisha picha za sebule yenye ukuta wa saruji tupu na rafu za mabomba, barua zilizofika katika safu hii zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ukuta ukishaachwa wazi, uwekwe nini? Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba swali la wengi.

Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tulihamia nyumba yetu mpya huku Mbezi miezi mitatu iliyopita. Sebule tuliitaka ya mtindo wa kiwandani: kuta zina plasta ya saruji bila rangi, mabomba ya nyaya za umeme yanapita juu ya ukuta, sakafu ni ya niru, na fundi ametuchomelea rafu za bomba jeusi. Shida ni kwamba kila mgeni anayeingia anatuuliza tutamalizia lini. Mama mkwe ametupa pole na kuahidi kutuchangia ndoo ya rangi. Tuweke mapambo gani ili watu waelewe kwamba ndivyo tulivyotaka? — Msomaji, Dar es Salaam

Dada yangu, ndoo hiyo ipokee kwa shukrani, itafaa chumba cha wageni. Wala usiwalaumu wanaouliza. Katika miji yetu plasta isiyopakwa rangi ina maana moja inayojulikana na kila mtu, kwamba fedha zilikatika kabla ya nyumba kukamilika, na maana hiyo huwezi kuifuta kwa kujieleza mlangoni. Itafutwa na umakini wa kazi ya fundi, kisha na picha.

Nianze na fundi. Ukuta wa saruji ulioachwa wazi kwa makusudi unadai uangalifu mkubwa kuliko ule utakaopakwa rangi, kwa kuwa hakuna kitakachoficha makosa. Jioni moja zima taa zote, ubakize moja iliyo karibu na ukuta, usimame mlangoni na kutazama. Utaona mahali palipozibwa kwa saruji ya rangi nyingine, kona iliyopinda, kisanduku cha swichi kilichoinama, bomba la waya lililobanwa kwa vishikizo visivyolingana. Mwite fundi ayarekebishe hayo, aupige ukuta msasa mwepesi, kisha aupake vanishi ya kuzibia saruji, ile isiyo na rangi na isiyong'aa. Bila vanishi hiyo ukuta utaendelea kutoa vumbi la kijivu litakaloshika migongo ya wageni, na mtu anayejipangusa vumbi mgongoni hawezi kuamini kwamba nyumba imekwisha.

Sasa picha, ambazo kwa maoni yangu ndizo kiini cha jambo lote. Mtindo huu haukubuniwa na wauza samani. Katika eneo la SoHo mjini New York kulikuwa na viwanda na maghala ya karne ya 19, yenye nguzo na nyuso za chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa katika kalibu. Viwanda vilipoyahama majengo hayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wachoraji na wachongaji waliingia humo katika miaka ya 1960, kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo, madirisha yalikuwa mapana, na dari zilikuwa juu kiasi cha kusimamisha turubai ambalo lisingepita hata katika mlango wa nyumba ya kawaida. Kisheria hawakutakiwa kuishi humo. Jiji lilianza kuwaruhusu mwaka 1971. Mabomba waliyaacha wazi kwa sababu hawakuwa na fedha za kuyafunika wala haja ya kufanya hivyo. Kwa hiyo picha ndizo zilizotangulia, mabomba yalikuwapo tu. Waliokuja baadaye kuuza mtindo huu madukani waligeuza mpangilio, wakatuuzia bomba na kuisahau picha, na ndiyo maana sebule nyingi za aina hii hufanana na gereji iliyofagiliwa vizuri.

Kwetu nako sanaa imewahi kukutana na kiwanda, tena bila kuiga mtu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakutumia turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya mraba vya masonaiti, ubao mgumu unaotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa mashine, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana dukani kwa bei anayoimudu. Ukibahatika kushika picha iliyochorwa juu ya masonaiti, igeuze. Mgongoni utaona alama za wavu zilizoachwa na mashine, kama gunia lililokandamizwa juu ya udongo mbichi. Mbele rangi imetulia laini, inang'aa kama mlango wa gari lililotoka kuoshwa, na ukiinamisha ubao kidogo utaona mwanga wa dirisha ukitembea juu ya manyoya ya ndege. Mng'ao huo ndio ukuta wako unaouhitaji. Saruji humeza mwanga, nayo rangi ya baiskeli huurudisha. Picha nyingi za mtindo wa Tingatinga zinazouzwa leo huchorwa juu ya turubai, nazo si mbaya, lakini kwa sebule yako ningeulizia za ubao.

Kuhusu ukubwa, kosa la kawaida ni kutundika picha ndogo moja katikati ya ukuta mpana, ikaonekana kama stempu juu ya bahasha. Picha iliyo juu ya sofa ichukue takriban theluthi mbili za upana wa sofa. Kwa sofa ya sentimita 190, picha nne za mraba za sentimita 60, zikipangwa mbili juu na mbili chini kwa nafasi ya sentimita 5 kati yake, zitakupa mraba wa sentimita 125, ambao unatosha kabisa. Ziinuliwe sentimita 15 hadi 20 kutoka juu ya mgongo wa sofa. Kwenye ukuta usio na samani, kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Watu wengi hutundika juu mno, labda kwa mazoea ya picha za viongozi ofisini. Fremu iwe nyembamba, ya chuma cheusi au ya mninga usiopakwa rangi. Fremu za dhahabu zenye maua ziache.

Usijisumbue kutafuta picha za magurudumu ya mashine kwa kuwa tu chumba kina mabomba. Chumba chenye chuma tayari kimeshasema kuhusu chuma. Weka samaki, weka soko, weka sura ya mtu. Ukitaka kazi za wasanii wanaoishi leo, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, kituo kilichoanza mwaka 2008 ambacho wasanii wake hufanyia kazi ndani ya makontena ya meli. Utaiona picha ikiwa imeegemea bati la kontena kabla hujaipeleka kwenye saruji yako, na utazungumza na aliyeichora.

Yamebaki mapambo madogo, na hapa nakushauri ufungue stoo ya wazazi kabla ya kufungua pochi. Kitu kinachofaa nyumba ya mtindo huu ni kile kilichowahi kufanya kazi, na vyombo kama hivyo vimejaa katika nyumba zetu: pasi ya mkaa yenye jogoo mdogo kwenye kitasa cha mfuniko, taa ya chemli, karabai, mizani ya duka pamoja na mawe yake. Kikubwa kuliko vyote ni miguu ya cherehani ya zamani. Mashine ikishaharibika, mara nyingi miguu yake ya chuma hutupwa uani kuku wakapanda. Itoe huko, isugue, uiwekee ubao wa mninga wa unene wa sentimita 4, nawe utakuwa na meza ya pembeni ambayo hakuna duka linaloweza kukuuzia. Kanyagio liache likiwa zima, lisifungwe kwa waya, kwa sababu kila atakayekaa hapo atalikanyaga bila kujua, na gurudumu litazunguka.

Kwenye kila ubao wa rafu panga vitu vitatu, pasikose nafasi tupu. Na kwa kuwa saruji hurudisha sauti, hadi mazungumzo ya kwenye televisheni yakasikika kama yametoka kisimani, tandika zulia kubwa la mkonge chini ya meza na weka pazia zito dirishani. Mama mkwe akikaa na kusikia sauti yake bila mwangwi, hoja ya ndoo ya rangi itakuwa imepoteza nusu ya nguvu zake.

Mhariri, kila siku napita katikati ya mafundi wa jua kali wa Kamukunji nikienda kazini, na natamani kupamba nyumba yangu ya kupanga kwa vyuma chakavu: gia za magari, mapipa ya mafuta, hata mfuniko wa chemba niugeuze meza. Wapi pa kuanzia, na ni vitu gani niviepuke? — Msomaji, Nairobi

Ndugu yangu, mfuniko wa chemba ndio wa kwanza kuuepuka. Mfuniko huo una mwenyewe, na shimo ulilokuwa ukilifunika liko wazi mahali fulani likimsubiri mtoto wa shule. Vivyo hivyo vipande vya reli, vyuma vya nguzo za umeme na alama za barabarani. Sheria ya Kenya ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa hizo awe na leseni, na mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti, hata kama kitu chenyewe ni cha shilingi mia tatu.

Mapipa yanahitaji tahadhari ya aina nyingine. Pipa lililowahi kubeba petroli, tina ya rangi au kemikali yoyote isiyojulikana, lisikatwe kwa moto wala kwa grinda, hata kama linaonekana kavu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka mikononi mwa fundi. Lililobeba dawa za mashambani lisiingie ndani ya nyumba kabisa. Mapipa yaliyobeba vyakula, kama mafuta ya kupikia, ndiyo ya kuulizia.

Gia na minyororo ni salama, zikishasafishwa. Zilowekwe nje katika mafuta ya taa, mbali na jiko, zisuguliwe kwa brashi ya waya, kisha zioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka kitambaa cheupe kinapopita juu yake kisiache alama nyeusi. Gia kubwa ni nzito kuliko inavyoonekana. Katika nyumba ya kupanga, yenye kuta nyembamba usizozijua zimejazwa nini, iache sakafuni au juu ya rafu imara, isitundikwe juu ya kitanda.

Lakini, kwa kuwa unapita Kamukunji kila siku, mimi ningetazama wanachotengeneza kuliko wanachotupa. Mafundi wale wanaotengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni wanaweza kukutengenezea moja ambalo halijapakwa rangi, lenye bati linaloonyesha maua yake ya zinki, mishono yake iliyokunjwa kwa nyundo na komeo lake la kufuli. Liweke mbele ya sofa. Ni meza, ni kabati la mablanketi, na kila Mkenya aliyesoma bweni atakayeingia kwako atakuwa na hadithi ya kusimulia kuhusu sanduku lake kabla hata chai haijamiminwa.

Kuhusu sanaa yenyewe, heri kazi moja iliyofikiriwa kuliko gia ishirini zilizotapakaa ukutani. Jiji lako limelea wasanii wanaojua kukizungumzisha chuma chakavu. Kioko Mwitiki anajulikana kwa wanyama wa ukubwa halisi, tembo wakiwamo, aliowaunganisha kwa vyuma vilivyotupwa. Cyrus Kabiru naye ametengeneza miwani ya ajabu kutokana na takataka za mjini, na kazi nyingine kutokana na baiskeli zile nzito ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Bei za kazi zao huenda si za mfuko wangu wala wako, ila kuziangalia ni bure, na zitakufundisha tofauti kati ya chuma kilichokusanywa na chuma kilichochaguliwa. Kituo cha sanaa cha GoDown nacho kilianza mwaka 2003 ndani ya ghala la zamani katika eneo la viwanda la Nairobi. Ni mahali pazuri pa kuanza kuwauliza vijana wanaochipukia, ambao bei zao bado zinazungumzika.

Nina viti viwili vya chuma na stuli ya fundi, nilivyoviacha na kutu yake kwa kuwa inapendeza. Lakini kutu inachafua kanzu za wageni na imeacha duara la rangi ya chungwa kwenye vigae. Nifanyeje bila kuvipaka rangi? — Msomaji, Tanga

Kaka, upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haiachi kutu ipumzike. Picha za magazeti ya Ulaya zinaonyesha kutu iliyotulia kwa miaka katika hewa kavu ya ndani; ya Tanga huendelea kula chuma mchana na usiku.

Sugua kwa brashi ya waya mpaka maganda yote yaliyolegea yaishe, kisha kwa msasa. Sehemu ambako kutu imekomaa zifunge kwa kitambaa kilicholoweshwa siki kwa saa kadhaa. Ukimaliza, osha kwa maji matamu yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, ukaushe siku hiyo hiyo juani bila kukiacha chuma kilale na unyevu, kwa kuwa kikilala hivyo asubuhi utakikuta kimekuwa chekundu upya. Rangi ya kahawia iliyobaki ndani ya vinyweleo vya chuma ndiyo unayoitaka. Ifungie kwa vanishi isiyo na rangi ya kupakia vyuma, mikono miwili, bila kusahau upande wa chini wa kalio la kiti na ncha za miguu ambako kutu huanzia. Ivishe miguu ya viti vifuniko vya mpira. Duara la kwenye vigae litoke kwa maji ya ndimu yaliyoachwa dakika kumi, isipokuwa kama sakafu ni ya marumaru au ya niru, ambazo ndimu huzila.

Kila mwezi vipanguse kwa kitambaa chenye maji matamu. Vanishi ikianza kuchubuka, rudia mapema.

Tafadhali nisaidieni kuhusu balbu zile za kioo zinazoonyesha waya wake wa dhahabu. Nimefunga sita juu ya meza ya chakula na umeme unakwisha haraka. Pia taa yangu ya bomba la chuma hunitetemesha mkono nikiigusa. — Msomaji, Arusha

Hiyo taa ya bomba ichomoe sasa hivi, kabla ya kusoma aya inayofuata.

Nilipata mkasa kama wako. Nilinunua taa ya mezani ya bomba kando ya barabara, nzuri ajabu, na usiku wa kwanza ilinirusha mkono. Fundi umeme alipoifungua alinionyesha sababu: bomba lilikatwa kwa msumeno na halikupigwa tupa, ukingo wake ukabaki na meno, na kila taa ilipoinamishwa waya ulisuguliwa na meno hayo hadi ngozi yake ikachanika. Shaba ikawa inagusa chuma nilichokuwa nikikishika. Taa yoyote ya chuma lazima iwe na ukingo uliolainishwa na kuvikwa mpira mahali waya unapoingilia, na iwe na waya wa tatu, ule wa ardhi, uliofungwa kwenye mwili wa taa na kufika kwenye plagi ya pini tatu. Soketi ya ukutani nayo iwe na ardhi ya kweli, si tundu tu.

Kuhusu balbu, hesabu ni nyepesi. Sita za wati 40 ni wati 240. Zikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku zitatumia uniti 1.2, sawa na uniti 36 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto juu ya vichwa vya walaji. Zipo za LED zenye umbo lile lile na nyuzi zinazofanana, za wati 4. Sita za aina hiyo kwa saa zile zile hutumia kama uniti 3.6 kwa mwezi. Kwenye boksi soma namba ya rangi ya mwanga: kati ya 2200 na 2700 utapata ule mwanga wa koroboi unaoutaka, lakini 6500 itaifanya meza yako ifanane na duka la dawa. Na kama ukutani kuna picha, usitegemee balbu hizi kuimulika, maana kila rangi ya buluu itaonekana kama imemwagiwa chai. Iwekee picha taa yake, ya namba 3000 hivi.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, ninaishi Manchester, Uingereza, katika fleti iliyokuwa kiwanda cha nyuzi za pamba. Kuna matofali mekundu, nguzo za chuma, madirisha makubwa na mabomba darini. Sijaongeza chochote kwa sababu mkataba unakataza kutoboa kuta, na kwa kweli kila nikiingia nahisi niko kwa watu. Nawezaje kuweka vitu vya nyumbani bila kuharibu mandhari ya jengo? — Msomaji, Manchester

Ndugu yetu, wewe ndiye pekee kati ya walioandika mwezi huu ambaye hahitaji kuigiza kiwanda. Mtaa wa Ancoats mjini humo una majengo ya kusokota pamba yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 18. Kiwanda cha kina Murray kilianza mwaka 1798. Wenye viwanda walikuja kuegemea nguzo za chuma na matao ya matofali kwa kuhofia moto, kwani vumbi la pamba na mbao zilizolowa mafuta ya mashine viliteketeza majengo mengi. Nguzo unayoegemeza baiskeli yako haikuwekwa kama pambo.

Wala hauko mbali na kwenu kama unavyohisi. Umezaliwa katika nchi ya pamba, na vitambaa vya pamba vilivyochapwa Uingereza, Uholanzi na India vilivaliwa katika pwani yetu kwa miongo mingi kabla ya viwanda vyetu wenyewe, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuweka mbele ya matofali hayo ni kanga.

Usiibandike ukutani. Tafuta stendi ya chuma ya kutundikia nguo, ile yenye magurudumu inayotumiwa na washonaji na maduka ya nguo. Ni samani ya kiwandani kwa asili yake, na haihitaji tundu hata moja. Kanga ina upana wa sentimita 150 na kimo cha 110 hivi, ukizidisha au kupunguza kidogo, kwa hiyo itaning'inia vizuri ikishonewa mfereji juu na kupitishiwa fimbo. Chagua yenye pindo jeusi au la buluu iliyoiva, kwa sababu nyekundu itagombana na matofali. Isimame pembeni ya dirisha, isilitazame, kwani jua la kupitia kioo kikubwa hufifisha rangi hata katika nchi ya mawingu.

Picha zako ziegemeze sakafuni au juu ya kabati refu, kubwa nyuma na ndogo mbele, kama zinavyoegemezwa karakanani kwa mchoraji. Darini usitundike kitu chochote kwenye mabomba kabla ya kumuuliza msimamizi wa jengo, maana baadhi yake huwa ni ya maji ya kuzimia moto, na uzito wa taa moja unaweza kukuletea mafuriko na bili ya majirani wa ghorofa tatu.

Kama una kinyago cha mpingo, kiweke mbali na redieta, yaani chombo cha ukutani cha kupashia chumba joto. Joto kavu la majira ya baridi huupasua mpingo, na ufa huanza taratibu upande wa nyuma, mahali usipopatazama. Zulia la mkonge litafaa chini, na kapu la ukindu kwa magazeti. Vingine vije polepole, kila ukirudi likizo.

Nikurudishe kwenye kanga kwa jambo moja. Itundike ili jina lake lisomeke kwa mtu aliyekaa, karibu na usawa wa macho yake, na ulichague kwa subira kabla ya kununua. Wageni wako wa huko watakuuliza limeandikwa nini, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka, kwa hiyo lisiwe la kumsuta jirani, na liwe lile ambalo hutachoka kulitafsiri.